Paa likivuja: uliezue au ulizibe? Afya yako nayo ina neno

Mama mmoja alifika kliniki kwangu, mjini Nakuru, Jumatatu moja ya mwezi wa Aprili akiwa amembeba mtoto wa miaka minne. Ilikuwa ni mara ya tatu katika muda wa wiki sita. Kifua cha mtoto kilikuwa kikilia kama filimbi na mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimempa dawa na kumrudisha nyumbani, akapata nafuu kwa siku chache, kisha mambo yakawa yale yale. Safari hii nikamwuliza mama swali ambalo nilipaswa kumwuliza tangu siku ya kwanza: "Mtoto hulala wapi?"

Akaniambia kitanda kiko pembeni mwa chumba, na juu yake ndipo panapovuja. Dari ya mbao laini imefura na kushuka kama tumbo. Ukuta una madoa meusi ambayo yeye huyapangusa kila Jumamosi, na ikifika Jumatano yamerudi. Mwenye nyumba amekwisha kupandisha fundi juu mara nne na kopo la lami, na kila mvua ikija maji hutafuta njia nyingine.

"Sasa daktari," akaniuliza, "nimwambie aezue paa lote ama aendelee kuziba?"

Ndugu msomaji, mimi sikusomea useremala. Lakini katika miaka yangu ya kutibu watu katika eneo hili la kati la Bonde la Ufa, nimetambua kwamba swali hilo la mama ni la kitabibu pia. Wapo watu wanaotumia fedha nyingi kuezua paa ambalo lingetengenezwa kwa misumari kumi. Wapo pia wanaookoa fedha kidogo kwa kuziba paa ambalo linawaumiza, na kuna wale wachache, hao ndio wananitia hofu zaidi, ambao huezua kwa haraka paa ambalo halikupaswa kuguswa na mtu asiye na ujuzi. Nitaanza na ugonjwa, kisha twende kwenye mabati.

MAJI YANAVYOLETA MARADHI

Maji yanayotoka juu hayamdhuru mtu kwa kumlowesha tu. Yanapoingia katika dari, katika mbao na katika plasta ya ukuta, hukaa humo. Ikiwa kitu kilicholowa hakikukauka katika muda wa siku moja au mbili, ukungu huanza kuota. Ukungu hutoa chembechembe ndogo mno ambazo huelea hewani, na aliye na pumu, au mtoto ambaye njia zake za hewa bado ni nyembamba, huzivuta usiku kucha. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na likaeleza wazi kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu hupatwa zaidi na kikohozi, kukoroma kwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa.

Hapa niondoe dhana moja. Wengi huniambia kwamba paa linalovuja limewaletea kifua kikuu. La. Kifua kikuu hutoka kwa mtu mwenye ugonjwa huo anayekohoa, hakitoki kwenye bati. Ila chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi na unyevu, chenye watu sita wanaolala pamoja, humsaidia mgonjwa mmoja kuwaambukiza wengine watano. Kwa hiyo ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukatoa jasho usiku na kupungua uzani, usilaumu paa. Nenda ukapimwe makohozi.

Madoa meusi ya ukungu hayaponywi kwa kupakwa rangi. Rangi huyaficha kwa mwezi mmoja tu. Dari iliyofura na kuoza haikaushwi, hutolewa na kutupwa, na ukuta husuguliwa kwa maji na sabuni kisha ukaachwa ukauke kabisa. Lakini kazi hiyo yote ni bure ikiwa maji bado yanaingia. Ziba kwanza, kisha safisha.

JE, NI KUVUJA AU NI JASHO LA BATI?

Nakuru iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na ukipanda kwenda Njoro, Mau Narok au Molo baridi huzidi. Usiku bati hupoa upesi. Pumzi za watu, mvuke wa sufuria na nguo zilizoanikwa ndani hupanda juu, hugusa bati hilo baridi na kugeuka kuwa matone. Kufikia alfajiri matone hayo humwangukia mtu kitandani, naye huapa kwamba paa linavuja.

Ipo njia rahisi ya kujua. Kama matone huanguka hata asubuhi ambayo haikunyesha, na huanguka kila mahali badala ya mahali pamoja, hilo si tundu, ni jasho. Nimewahi kumwona mwalimu mmoja aliyetaka kuchukua mkopo wa kununulia mabati mapya kwa sababu ya jambo hili. Mabati mapya yangetoa jasho vile vile. Alichohitaji ni dari na nafasi ya hewa kupita baina ya dari na bati.

Na hapa nina onyo. Watu wakipata baridi huziba kwa magunia na karatasi zile nafasi zilizo chini ya paa, juu ya ukuta, kisha huingiza jiko la makaa chumbani. Moshi wa makaa una gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Unapotengeneza paa, mwambie fundi aache matundu ya hewa yenye wavu wa kuzuia popo na panya. Na jiko lilale nje.

BATI LA KAWAIDA

Ukiwa na paa la mabati ya chuma, uamuzi wako hutegemea zaidi mbao kuliko mabati. Mwambie fundi apande na bisibisi. Aidunge mbao kwenye maungo, kandokando mwa ukuta na chini ya pale panapovuja. Bisibisi ikizama kama ndani ya ndizi mbivu, mbao hiyo imeoza au imeliwa na mchwa, na kuipigilia bati jipya ni kujidanganya. Simama pia barabarani uitazame nyumba kwa mbali. Mgongo wa paa unapaswa kuwa umenyooka. Ukiona umebonyea katikati, tatizo limekwisha kuwa la usalama, na watoto wasilale chini yake usiku wa upepo.

Kama mbao ni nzima, tazama maji yanapitia wapi. Mara nyingi ni kwenye misumari. Bati hupanuka kwa jua la mchana na kujikunja kwa baridi ya usiku, na baada ya miaka kadhaa msumari hulegea na mpira wake hukatika. Kubadilisha misumari hiyo, kuziba pale bati lilipokutana na ukuta, kubadilisha bati mbili tatu zilizopindwa na upepo au kutobolewa na mvua ya mawe, hiyo ni kazi ya kuziba na haina haja ya kuezua.

Kutu nayo ina daraja zake. Kutu ya juu juu husuguliwa ikapakwa rangi. Lakini ingia ndani mchana wa jua, kama nyumba haina dari, funga madirisha na mlango, kisha utazame juu. Ukiona mwanga unapenya kwa vitundu kama nyota za angani, tena si mahali pamoja bali paa zima, bati limekwisha. Lami itaziba kitundu cha leo, na cha kesho kitafunguka kando yake. Mafundi ninaowaamini huniambia kwamba theluthi moja ya mabati ikiharibika, gharama ya kuziba kila msimu hupita ile ya kuezeka upya. Mimi ningeongeza gharama ambayo wao hawaihesabu, nayo ni fedha za hospitali. Yule mama niliyemtaja alikuwa ametumia kwa dawa na nauli, katika wiki sita tu, fedha za kutosha kununua mabati kadhaa.

Ukinunua, kumbuka kwamba geji ikiwa kubwa kwa nambari, bati huwa jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Wengi hudanganyika hapo.

Hakikisha pia rangi ya zamani haichambuliwi ovyo. Baadhi ya rangi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Usiikwangue ikiwa kavu, na usiwaache watoto wacheze kwenye mabaki yake.

IKIWA NI ASBESTO, SIMAMA KWANZA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Katika miji yetu mingi zipo nyumba za zamani, shule, mabohari na nyumba za wafanyakazi ambazo ziliezekwa kwa yale mabati mazito ya kijivu, yenye mawimbi makubwa, ambayo ukiyagonga hayalii kama chuma. Hayo aghalabu ni ya simenti iliyochanganywa na asbesto. Yalipendwa kwa sababu hayapati kutu, hayana kelele mvua inaponyesha na hayashiki joto. Sifa hizo ni za kweli. Ubaya wake umo ndani.

Asbesto ni jiwe linalochambuka kuwa nyuzinyuzi, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Katika mabati hayo huwa ni takriban sehemu moja kwa kumi au zaidi kidogo, na simenti ndiyo inayozishika. Zikiachiliwa, huelea hewani kwa saa nyingi. Mtu akizivuta, zile ndogo zaidi hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na kukaa humo, kwa kuwa mwili hauna njia ya kuzivunja. Baada ya miaka 20, 30, hata 40, zinaweza kuleta kovu linaloyafanya mapafu kuwa magumu, au saratani ya mapafu, au ile saratani ya utando unaozunguka mapafu iitwayo mesotelioma, ambayo hadi leo haina tiba ya kuiponya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeziweka aina zote za asbesto katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Habari hizi hazikuanzia Ulaya peke yake. Mwaka wa 1960 madaktari watatu waliokuwa Afrika Kusini, Wagner, Sleggs na Marchand, walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wenye mesotelioma, wengi wao wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya jimbo la Cape. Lililowashtua watu ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Walikuwa wameishi tu karibu na machimbo hayo, wengine utotoni. Baadaye, katika nchi mbalimbali, waligunduliwa pia wake wa wafanyakazi ambao kosa lao lilikuwa kukung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao.

Ukisoma hayo usikimbie nyumba yako usiku huu. Bati la asbesto ambalo ni zima, halina nyufa, halimomonyoki, na hakuna mtu anayelikata wala kulitoboa, hutoa nyuzi chache mno. Hatari huja pale linapovunjwa, linapopigwa msumeno, linapotobolewa kwa drili, linaposuguliwa kwa brashi ya waya ili kuondoa kuvumwani, au linapozeeka hadi uso wake ukawa kama unga. Kwa hiyo hapa mizani ya kuziba au kuezua hugeuka. Kwa bati la chuma nilikuambia usiogope kuezua likichakaa. Kwa asbesto nzima nakuambia: iache, ipake rangi ya kuifunika bila kuikwangua, na ujiwekee fedha polepole kwa siku ambayo itabidi itolewe ipasavyo. Kwa asbesto iliyovunjwavunjwa na mvua ya mawe, au inayoangusha unga ndani ya chumba kisicho na dari, usizibe. Hiyo ni ya kutolewa, tena na watu wenye kibali.

Usivunje kipande ili "uone kama ni yenyewe". Kwa macho huwezi kutofautisha. Kama nyumba ni ya zamani na bati ni la aina hiyo, lichukulie kuwa ni asbesto.

Hapa Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka wa 2006 ziliorodhesha asbesto miongoni mwa taka zenye hatari. Maana yake ni kwamba fundi wako wa mtaani, hata akiwa hodari namna gani, hapaswi kuyabwaga mabati hayo kwenye lori la mchanga na kuyamwaga gizani. Mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, ndiyo inayotoa leseni kwa wanaoyasafirisha na mahali pa kuyazika. Nenda katika ofisi yao uulize kabla msumari mmoja haujang'olewa. Najua gharama si ndogo, na naona ni kasoro kubwa kwamba mwananchi wa kawaida hubebeshwa mzigo huu peke yake kwa ajili ya paa ambalo pengine hakuliezeka yeye. Hata hivyo mapafu ni yake.

Kazi inavyofanywa ni hivi, nawe ujue ili usidanganywe. Mabati hulowanishwa kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo ili vumbi lisipae. Misumari au boliti hutolewa taratibu na bati hushushwa likiwa zima, halitupwi chini. Wafanyakazi huvaa mavazi ya kutupwa na barakoa maalumu inayobana uso. Barakoa ya kitambaa, au ile nyepesi ya bluu tuliyoizoea tangu mwaka wa 2020, haizuii nyuzi hizi. Bati hufungwa ndani ya plastiki nzito na kuandikwa onyo. Chini husafishwa kwa kitambaa kilicholowa, wala si kwa ufagio. Wenye nyumba, hasa watoto, hawawepo siku hiyo.

Nimeona kinyume cha hayo yote. Nimeona vipande vya asbesto vikiwa vimepangwa kuwa kijia cha kupitia wakati wa matope, vikiwa vimezungushiwa banda la kuku, na vikiwa vimetupwa motoni. Motoni hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vyenye ncha kali. Nimeona pia mtindo wa kupigilia bati jipya la rangi juu ya lile la asbesto ili kuokoa gharama. Nyumba hupendeza, lakini kila msumari au skrubu iliyopita imetoboa asbesto, na vumbi lake limeanguka ndani ya dari ya mwenyewe.

Wasomaji walioishi chini ya paa kama hilo tangu utotoni huniomba niwapige picha ya eksirei. Kama huna dalili na hukuwahi kufanya kazi ya kuikata, picha haitakusaidia. Nyuzi zenyewe hazionekani. Jambo lenye faida zaidi kwako ni kuacha sigara, kwani mvutaji aliyepumua asbesto hujizidishia mno hatari ya saratani ya mapafu. Lakini kama uliwahi kuwa fundi wa mabati hayo kwa miaka mingi, na sasa unahema ukipanda ngazi au una kikohozi kikavu kisichokwisha, mweleze daktari wako kazi uliyofanya. Tusipoambiwa, wengi wetu hatuulizi.

PAA NA MENO YA MTOTO

Katika eneo letu paa lina kazi nyingine ambayo mtu wa Kisumu hatairidhia kirahisi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano yanayopitiwa na maji chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku hupita hapo. Ndiyo maana utawatambua wenyeji kwa meno ya kahawia. Meno huharibika yanapoumbika, yaani katika miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto, na kwa watu waliokunywa floraidi nyingi mno kwa miaka mingi mifupa pia hukakamaa. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki, basi huzidi kuwa kali.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Familia yenye tangi na paa safi imewapa watoto wake meno meupe bila daktari yeyote. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hiyo ni njia nzuri kwa wanaotegemea kisima, ila mvua hutujia bure. Kwa hiyo unapopima kama paa liezuliwe, uliza pia kama ndilo linalokunywesha watoto. Bati lenye kutu iliyokomaa, au lililopakwa lami kila mahali, si la kutegea maji ya kunywa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite na vumbi na kinyesi cha ndege, na yanayofuata uyachemshe au uyatibu kwa dawa ya klorini.

Je, maji yaliyotoka juu ya asbesto? Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi wa kuaminika kwamba asbesto iliyomezwa katika maji hudhuru, kwa hiyo aliyekunywa asife moyo. Mashaka yangu yako kwenye ule matope unaobaki ndani ya mfereji wa paa. Ukikauka na kukwanguliwa na kijana asiyejua, huwa vumbi. Uloweshe kwanza.

KABLA HUJAPANDA

Katika mambo yote niliyoyataja, linaloua kwa haraka zaidi ni kuanguka. Msimu wa mvua ukianza, hospitali hupokea wanaume waliopanda kuziba tundu moja jioni, baada ya kazi, kwa ngazi iliyofungwa kwa kamba. Bati lililolowa huteleza. Asbesto iliyozeeka nayo huonekana imara, lakini haihimili uzito wa mtu, na anayeikanyaga hupita nayo hadi sakafuni. Mtu hupita juu ya ubao uliolazwa kuvuka mbao za paa, hakanyagi katikati ya bati. Asipande aliyekunywa, asipande mwenye kizunguzungu au kifafa, na asipande mtu akiwa peke yake nyumbani. Akianguka na kulalamikia shingo au mgongo, msimwinue kwa mikono na miguu. Mlazeni kwenye ubao au mlango, kichwa na kiwiliwili vikiwa vimenyooka.

Wakati mzuri wa kazi hii huku kwetu ni Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Maji yakipitia kwenye taa ya dari, zima umeme kwenye swichi kuu usiku huo huo, hata kama mtalala gizani.

Na kama wewe ni mpangaji, kama alivyokuwa yule mama, uamuzi si wako lakini sauti ni yako. Mwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe, ubaki na nakala, na ukiweza uambatishe cheti cha kliniki. Niliandika cheti hicho. Wakati huo huo nilimwambia mama ahamishe kitanda hadi ukuta wa upande wa pili, atoe ile dari iliyofura, na afungue dirisha kila mchana. Nilimwandikia mtoto dawa ya kuvuta kwa kopo la plastiki. Mwezi wa Juni alimleta kwa ajili ya kidonda cha goti. Kifua kilikuwa shwari. Paa lilikuwa halijaezuliwa bado, ila mwenye nyumba alikuwa amekubali kubadilisha upande mmoja.

Kidonda chenyewe kilitokana na msumari. Fundi alikuwa ameng'oa ya zamani na kuiacha uani. Pepopunda haitokani na kutu kama wengi wanavyodhani, bali na vijidudu vilivyo udongoni ambavyo msumari huviingiza ndani ya nyama. Mtoto yule alikuwa amekamilisha chanjo zake, kwa hiyo nilisafisha kidonda tu. Baba yake, ambaye alikuwa amekanyaga mwingine siku hiyo hiyo na hakusema lolote, hakukumbuka kuchanjwa tangu alipokuwa shuleni. Ikiwa imepita miaka mitano tangu sindano yako ya mwisho na umedungwa na kitu kichafu, nenda ukachanjwe siku hiyo, usingoje taya likaze. Na jioni fundi akimaliza, mwambie afunge sumaku kwenye kamba aiburute uani kabla hujamlipa.